Nilipaswa Kutoa Mji

Saa nane usiku na ushei. Feni inalalamika, nyumba nzima imelala, nami nimeinama mbele ya laptopu nikikagua miguu ya Wachina wanne.

Miguu tu. Inachungulia kutoka kwenye vitanda vya kuning'inia vya mabaharia, chumba cha chini cha merikebu. Picha ni ya rangi nyeusi na nyeupe, vidoti vidoti, kama gazeti la zamani lililolowa. Huyu ana viatu. Yule sikumbuki. Kusema kweli sikukagua sana, na ndiyo sababu naandika haya.

Gemu yenyewe ni Return of the Obra Dinn, ya Lucas Pope, iliyotoka mwaka 2018. Kama hujaicheza na unapanga kuicheza, ifunge makala hii, urudi mwezi ujao. Sitakutajia nani aliua nani, ila nitakuonyesha pa kutazama, na hilo nalo ni kosa.

Merikebu ya biashara iliondoka London mwaka 1802, ikapotea. Mwaka 1807 inaingia bandari ya Falmouth ikielea yenyewe, juu hakuna wa kukuitikia hodi. Wewe ni mkaguzi wa bima. Una daftari na saa ya mfukoni. Ukiifungua saa mbele ya maiti unasikia sauti za dakika yake ya mwisho, kisha unajikuta umesimama ndani ya tukio lililoganda: risasi iko hewani, mdomo uko wazi, kikombe kinaanguka na hakifiki chini. Watu walikuwa 60. Kazi yako ni kuandika kila mmoja ni nani na alipatwa na nini.

Daftari halikuambii kama umepatia mpaka upatie watatu kwa mpigo. Pope aliweka kanuni hiyo ili mchezaji asibahatishe.

Nikabahatisha.

Nilikuwa na mabaharia wawili niliowajua kwa hakika, ambao daftari lilikuwa bado halijawathibitisha. Nikawaacha hapo kama chambo. Nikachukua sura ya Mchina wa kwanza, nikamwandikia jina la kwanza kwenye orodha. Kimya. Jina la pili. Kimya. La tatu, daftari likachangamka, likawachapa wote watatu kwa herufi za mashine. Wachina watatu waliobaki walikuwa na mipangilio 6 tu ya majina. Nilipata kwenye wa tano.

Nikazima, nikaenda kulala. Wiki tatu sasa jambo hili limenikaa kooni kama mfupa wa kibua.

## Kwa bibi, Muheza

Waliokulia kwenye vitendawili hawahitaji kuelezwa kanuni. Kitendawili? Tega. Ukishindwa unaombwa mji, unatoa mji, mtegaji anakwenda huko kwa maneno, anakaribishwa, anakula, anarudi na jibu.

Bibi mzaa mama alikuwa mkali kwenye miji. Ukimpa Tanga anakataa. "Tanga nimepewa jana. Nitaishi mara ngapi Tanga?" Ukimpa kijiji usichokijua anakuuliza kiko wapi, na ukibabaika anadai mwingine. Kuna usiku mmoja nilitoa Korogwe, Pangani, Mombasa na Dodoma kwa kitendawili kimoja, na jibu lilikuwa kivuli.

Niliudhika, lakini usiku ule sijausahau. Ningeambiwa jibu bure, leo nisingekumbuka hata kwamba kilitegwa.

Mtoto wa jirani alikuwa na mbinu yake. Bibi akitega, yeye anataja kila kitu kilichomo ndani: yai! jiwe! kuku! kinu! mwiko! Siku moja akapatia. Bibi akamtazama, akasema, "Umepiga mawe gizani, moja limempata mbuzi. Sasa wewe ni mwindaji?"

Sauti hiyo ndiyo niliyoisikia saa nane usiku.

## Namba 11982

Naomba nisieleweke kwamba nazidharau gemu ndogo za kupitisha muda. Zilinilea.

Mjomba alikuwa na duka la steshenari Tanga mjini: kutoa kopi, kuchapa barua za maombi ya kazi, kulaminisha vyeti. Kompyuta ilikuwa moja, ya Windows 98, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya sebuleni. Kipanya alijifunzia kwenye karata za Solitaire, na hakuwa peke yake. Gemu hiyo ilipowekwa kwenye Windows 3.0 mwaka 1990, iliwasaidia mamilioni ya watu waliokuwa hawajawahi kushika kitu na kukiburuta kwenye kioo. Aliyeitengeneza, Wes Cherry, alikuwa kijana wa mafunzo ya kazi tu pale Microsoft.

Lakini mapenzi ya mjomba yalikuwa FreeCell.

FreeCell ya wakati ule ilikuwa na migao 32,000, kila mmoja una namba yake. Unachagua namba, karata zinapangwa zote wazi, hakuna iliyofichwa. Ukishindwa huna wa kumlaumu. Mjomba alikuwa na daftari la kaunta, lile jekundu kwa mgongo, ameandika namba alizofungua na tarehe. Wateja wanasubiri barua zao, yeye anasema "dakika moja tu, mashine inafikiri."

Katika migao hiyo yote 32,000, mmoja tu haujapata kufunguliwa: namba 11982. Katikati ya miaka ya 1990 watu waligawana namba kupitia intaneti wakazipitia zote. Huo mmoja uliwashinda, na programu za kompyuta nazo zikaushindwa.

Mjomba alilijua hilo. Mteja mmoja mwanafunzi wa chuo alimwambia. Na bado kila Ijumaa jioni, kabla ya kushusha shata, alicheza 11982 mara moja. Alishindwa, akaandika tarehe, akafunga duka.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kuna wageni wa kuwasalimia tu. Huwaombi kitu."

Sasa nitazame mimi kwenye daladala leo. Nacheza zile za kupanga peremende rangi tatu tatu. Nikisita sekunde chache, peremende zinaanza kutikisika zenyewe: hapa, bonyeza hapa. Nikishindwa, maisha matano yanakwisha, nasubiri nusu saa nipate moja, au natoa hela. Bibi angemfukuza barazani mtegaji wa namna hii. Anakunong'oneza jibu ukiwa bado unakuna kichwa, halafu mwisho wa mwezi anakuletea bili.

Hata hivyo nacheza. Foleni ya Mbagala ni ndefu.

## Sharubu za paka

Lakini lazima niwe mkweli upande wa pili. Kuna vitendawili visivyostahili mji hata mmoja.

Gemu za safari na visa, zile za kubofya na kukusanya vitu mfukoni, ziliwahi kuwa na ugonjwa. Mfano ambao wachezaji wa zamani hawauachi ni Gabriel Knight 3, ya mwaka 1999. Shujaa anataka kukodi pikipiki iliyowekwa kwa jina la rafiki yake, kwa hiyo ajifanye ndiye rafiki huyo. Sawa. Unabandika tepu kwenye tundu la mlango wa banda, unamfukuza paka, anapita pale anaacha manyoya. Unatafuta sharubati nzito ya kugandishia. Unatengeneza sharubu za bandia. Sasa kaa chini: rafiki mwenyewe hana sharubu! Inabidi umchukulie pasipoti yake na kumchorea sharubu kwa kalamu, ili ufanane naye.

Hapo nilifungua mwongozo wa mtu mwingine bila aibu yoyote. Nisingetoa hata kitongoji.

Ron Gilbert, mtengenezaji wa gemu, alikuwa ameyalalamikia haya mapema. Mwaka 1989 aliandika makala kali juu ya kinachoharibu gemu za aina hii, na mwaka uliofuata ikatoka gemu yake, Monkey Island, ambayo mchezaji anaweza kuzubaa atakavyo bila kuuawa kila kona na bila kukwama milele kwa sababu alisahau kuokota kamba saa tatu zilizopita. Ukishindwa pale unajua kosa ni lako. Jibu likija unajipiga kofi la paji la uso, "ah, kumbe!"

Kwa miaka mingi hiyo "ah, kumbe!" ndiyo ilikuwa mizani yangu. Gemu ikinipa nasema nzuri. Ikininyima nasema mbovu.

Wachina wanne hawakunipa. Nikataka kusema basi Pope amekosea, fumbo lake bovu, kama la sharubu. Nikajaribu kweli kuandika hivyo. Aya nzima niliiandika nikaifuta.

Kwa sababu namba zilikuwepo. Vitanda vina vibandiko vya namba, orodha ya mabaharia ina namba, miguu iko nje ya kitanda, na miguu hiyo hiyo inatembea kwenye matukio mengine. Hakuna sharubu za paka hapo. Kila kitu kilikuwa wazi kama karata za FreeCell.

## Dadu

Niliwahi kufanya uovu kama huu kwenye gemu za kuigiza uhusika, tena bila kulala vibaya. Baldur's Gate 3, ya mwaka 2023, inarusha dadu la pande ishirini mbele ya macho yako. Unataka kumshawishi mlinzi, dadu linaviringika, unapata 4, mlinzi anakasirika. Nami narudi pale niliposevu dakika moja nyuma. 9. Narudi. 6. Narudi. 17! Mlinzi kanielewa, tunaendelea.

Matokeo yake, shujaa wangu hakuwahi kukataliwa na mtu. Ukimsimulia ni mtu wa kuchosha, kama wale jamaa wa kwenye harusi ambao kila biashara waliyofanya ililipa.

Gemu nyingine ya aina hiyo, Disco Elysium, ndiyo iliyonitibu kidogo. Unaamka hotelini na ulevi wa jana, tai yako inazunguka kwenye feni ya dari. Nikajaribu kuirukia. Mhusika niliyekuwa nimemjenga alikuwa na mwili dhaifu, moyo ukasimama, gemu ikaisha. Sijavaa hata suruali. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia. Toka siku hiyo gemu ile niliicheza bila kurudi nyuma hata mara moja, na kushindwa kwangu ndiko kulikuwa na maneno matamu kuliko kushinda.

Kwa hiyo mimi ni mtu ambaye huiba kwenye dadu na nikalala fofofo. Kwa nini basi wale wanne?

## Yule wa Sierra Leone

Ilinichukua muda kulikubali hili, na sina hakika kama nimelikubali lote.

Kwenye orodha ya merikebu kila mtu ana jina, cheo na anakotoka. Waingereza wengi. Wahindi, Warusi, Mdenmaki, Wachina wanne wapanda milingoti. Na baharia mmoja wa Sierra Leone.

Huyo nilimtafuta usiku wa kwanza. Mtu mweusi mmoja kwenye merikebu ya wazungu ya mwaka 1802, ningemwachaje? Niliingia kila tukio, nikamfuata sitahani, nikatazama amesimama na nani, ameshika nini. Saa mbili nzima. Nilipomwandika nilikuwa na uhakika kama wa kumwandika ndugu yangu.

Wachina, mpangilio wa tano.

Mimi ndiye yule anayekasirika sinema ikianza na kijiji cha "Afrika" bila jina la nchi. Nimewahi kuandika hapa hapa juu ya hilo, kwa hasira, na wengi mlinipongeza. Halafu nimepewa watu wanne, wenye majina manne, viatu vyao tofauti, na mtengenezaji aliyejitesa kuwawekea kila mmoja alama yake. Nikaona Wachina wanne, wowote vile, majina yatakaa popote.

Najua ni vidoti. Vidoti haviumii.

Najua pia gemu yenyewe inakushawishi kuhesabu kwa mataifa, kwani orodha ndivyo ilivyopangwa. Najua wachezaji wengi duniani walikwama pale pale na kubahatisha vile vile. Nimejiambia yote hayo. Yangenitosha, kama si picha ya babu.

## Wa tatu kutoka kushoto

Babu mzaa mama alikuwa baharia wa meli za mizigo. Alifariki kabla sijazaliwa. Amebaki kwenye picha moja, inakaa kwenye bahasha kabatini kwa mama mkubwa: wanaume 12 juu ya sitaha, jua limewapiga usoni, wawili wamechuchumaa mbele. Nyuma ya picha kuna wino wa bluu: *Baba, wa tatu kutoka kushoto.*

Basi. Wengine 11 hawana kitu.

Bibi alipokuwa hai aliwajua wachache. Huyu Mngazija, huyu mtu wa Lamu, huyu alikuwa akileta tende. Hatukuandika. Sisi tulikuwa tunasikiliza vitendawili.

Wiki iliyofuata baada ya usiku ule wa miguu, sijui kwa nini, niliipiga picha ile nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nikauliza: nani anawajua hawa?

Majibu yakamiminika. Huyo mrefu ni mzee wa Chumbageni. Hapana, huyo alikuwa fundi seremala, hakuwahi kupanda meli. Mngazija ni yule mwenye kofia. Kofia wanazo watano! Mama mkubwa akasema aliyechuchumaa ndiye wa Lamu. Shangazi wa kwa ndoa, ambaye hakumkuta hata bibi, akasema ni yule wa pembeni, "anafanana na watu wa Lamu."

Mwishowe mjomba akatuma sauti. Yule yule wa namba 11982, siku hizi macho yamepungua. Alikuwa anacheka. "Andikeni tu majina mnayotaka, wajukuu. Nani atawakosoa?"

Niliisikiliza mara tatu.

Kwa wale 11 hakuna daftari litakalochangamka tukipatia. Tungewapanga hivi, tungewapanga vile, wasingelalamika. Wakati kwa wanne wa Obra Dinn jibu lilikuwepo, limewekwa kwa makusudi na mtu aliyekaa zaidi ya miaka minne akitengeneza gemu hiyo, linanisubiri kwenye miguu. Nikaona uvivu kuinama.

Nikawajibu kundini: tuandike wale ambao walau watu wawili wanakubaliana. Tumepata mmoja. Yule Mngazija. Jina lake halisi hakuna alijuaye, kwa hiyo penseli imeandika "Mngazija, mwenye kofia, wa pili kutoka kulia", na mama mkubwa ameirudisha bahasha kabatini.

## Kucheza upya

Nilifikiri dawa ni kufuta nilichosevu na kuanza mwanzo. Nilifuta, nikaanza, nikaacha baada ya nusu saa. Gemu hii haichezeki mara mbili. Kila maiti nikiifungua namjua, kama kutegewa kitendawili ulichotega wewe. Wale wanne nikiwatazama sasa naona majina niliyoyabahatisha yamewakaa usoni, na siwezi tena kujua kama ningewapata kwa haki.

Hiyo ndiyo bei, nadhani. Mji unaotolewa kwa kuchelewa haupokelewi.

Jumamosi iliyopita binti wa mjomba alikuja kukaa kwetu, yuko likizo ya chuo. Gemu anazocheza ni za simu tu, za mashamba na za kuoka keki. Nikamfungulia Obra Dinn, nikamwambia sitasema neno. Akaniambia picha mbona mbovu, laptopu imeharibika?

Jana alifika kule chini, kwenye vitanda. Nilikuwa nyuma yake na kikombe cha chai. Ameshawapata watu 21 bila kubahatisha hata mmoja, kwa kuwa hajui kama inawezekana. Akafungua orodha, akawaona Wachina wanne, akashusha pumzi.

"Kaka, hawa nitawajuaje?"

Sikujibu.

"Nipe hata kidogo."

"Nipe mji," nikamwambia.

Akafikiri. Nilimwona anaanza kusema Tanga, akasita, maana bibi yetu alikuwa mmoja. Kisha akageukia kioo, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kukigusa, akaenda kitanda cha kwanza, cha pili, akarudi cha kwanza.

"Subiri kwanza," akasema. "Huyu mbona ana viatu?"